Droni juu ya Kisangani: ya harusi na ya vita

Sisi wa Kisangani tulikuwa tumeanza kuzoea mlio ule unaofanana na wa nyuki juu ya harusi au mkutano wa Injili. Watoto waliukimbilia na kupunga mikono. Chombo kisicho na mtu ndani, chenye jicho, kinachosimama hewani: zamani mambo hayo tuliyaona katika filamu tu. Leo kijana wa studio ya picha anakibeba mfukoni begani.

Tangu usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 2026, mlio huo una maana nyingine. Usiku ule droni zenye milipuko zilitumwa kushambulia uwanja wa ndege wa Bangboka, kilomita zipatazo 17 kutoka mjini. Wakubwa wa jimbo la Tshopo walisema ziliangushwa kabla ya kufikia shabaha. Siku chache baadaye AFC/M23 walitangaza kwamba ndio waliozituma, wakidai kwamba droni za jeshi la serikali zinaongozwa kutoka pale.

Mji wetu unajua vita. Mwezi Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana hapa siku sita, na mabomu yao yakaua mamia ya raia. Lakini wakati ule wenye bunduki walikuwa mitaani, tuliwaona. Sasa mapigano yako mamia ya kilomita kutoka hapa, na anayetuma kifo hatumwoni, wala yeye hatuoni. Hofu ya namna hii hutafuta mtu wa karibu wa kulaumu.

Hapo ndipo tunaona hatari. Droni ya harusi na ile ya vita zina jina moja, lakini si kitu kimoja. Ile ndogo ina betri ya nusu saa hivi na haiendi mbali na anayeiongoza. Hata hivyo, huko Ukraine askari wamefunga milipuko kwenye droni ndogo za dukani, kwa hiyo hatuwezi kumcheka mama anayeshtuka sokoni. Akipiga kelele, watu watakusanyika, na kijana aliyekuja kupiga picha za bibi harusi ataitwa mpelelezi kabla hajafungua kinywa. Sote tunajua kwamba umati wenye hasira haungoji hakimu.

Wala tusiseme kwamba chombo chenyewe ni cha shetani. Katika jimbo la Équateur, droni zimepeleka chanjo kwenye vituo vya afya ambako njia ni mto na msitu. Nchini Rwanda zinapeleka damu hospitalini tangu 2016. Tshopo nayo ina vijiji vingi vinavyofikiwa kwa pirogi tu, na huko msaada huo ungeokoa mama wanaojifungua. Lakini nani atakubali droni ya dawa ishuke kijijini kwake, ikiwa kila mlio wa angani ni tishio? Vita vinatunyang'anya hata msaada ambao bado haujatufikia.

Basi makanisa yetu yanaweza kufanya mambo matatu. Kwanza, tusirushe droni kwenye ibada, mikutano na harusi bila ruhusa ya wenye mamlaka na bila kuwajulisha majirani; picha nzuri kutoka juu haina thamani ya maisha ya kijana mmoja. Pili, tuwafundishe watoto wa shule ya Jumapili wasiguse kitu chochote kilichoanguka kutoka angani, bali wamwite mtu mzima. Tatu, mchungaji na wazee wawe wa kwanza kusimama kati ya umati na mtu anayeshukiwa, hata kama si mshirika wetu, mpaka akabidhiwe kwa wanaohusika akiwa hai.

Nabii Ezekieli, katika sura ya 33, anasema juu ya mlinzi wa mji ambaye kazi yake ni kuonya anapoona upanga unakuja. Mlinzi huyo anaonya kwa sababu ameona. Siku hizi wengi wetu tunapiga tarumbeta kwa simu, tukituma sauti na video ambazo hatujui zimetoka wapi. Kabla ya kutuma, tujiulize: nimeona, au nimesikia tu? Swali hilo dogo linaweza kumwokoa jirani.