Mikono Ikitetemeka, Mwone Daktari



Mfanyakazi akitetemeka mikono, nyapara humwita mlevi. Akilegea, humwita mvivu. Nasi wenyewe husema ni uchovu tu, au mtu karogwa, tukangoja mshahara wa mwisho wa mwezi. Sisi wa chama hapa Old Kampala twasema hivi: tetemeko lina sababu, na wa kuitafuta ni daktari.

Katika mashamba ya maua upande wa Entebbe hunyunyizwa dawa za wadudu. Baadhi ya dawa hizo huua mdudu kwa kuvuruga mishipa yake ya fahamu, na mishipa ya binadamu nayo huvurugika vivyo hivyo. Aliyeingiwa na sumu hiyo hutokwa jasho na mate mengi, mboni za macho husinyaa, misuli huchezacheza, pumzi hubana. Huyo asingoje kengele ya kutoka kazini. Mwondoeni penye dawa, mvueni nguo, mwosheni kwa maji na sabuni huku mmevaa glavu, mkimbizeni hospitali. Jina la dawa liandikwe, au kibandiko cha chupa kichukuliwe.

Vilevile uso ukipinda ghafla, mkono wa upande mmoja ukilegea, au ulimi ukiwa mzito, hicho huenda ni kiharusi. Nendeni saa ile ile, hata kama hali imetulia.

Kuna na madhara ya polepole. Wanaoyeyusha betri kuukuu hupata sumu ya risasi. Wanaoshinda na rangi na gundi huvuta mvuke wake. Ukiona ganzi isiyokwisha, kiganja kukosa nguvu, au kusahau kusiko kwa kawaida, nenda wiki hii hii. Kituo cha afya cha Kisenyi kiko hapo chini ya kilima chetu.

Na ukifika, taja kazi yako, dawa unazoshika na miaka uliyozishika. Daktari asiyeambiwa hayo atatibu maumivu, na kesho utarudi kwenye sumu ile ile.

Kisha mjulishe mwajiri na chama mara moja, na utunze karatasi za hospitali. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inahesabu magonjwa ya kazini pia, si ajali peke yake. Lakini bila cheti cha daktari, madai yetu yatakuwa maneno matupu mbele ya mwajiri.

Siku moja ya mshahara ikikatwa kwa sababu ya matibabu, tutaidai pamoja. Mkono ukishapooza, hakuna wa kutulipa mwingine.