Vijana, sufuria ya mtu mmoja ndiyo inatumaliza

Kila mwezi ukianza, kuna mtu kwenye simu yako anakushauri ujipikie. Amevaa shati safi, nyuma yake kuna friji ya milango miwili, na anakuambia kwamba hufiki tarehe 30 kwa sababu unakula kibandani. Acha chipo, acha smoki, nunua kwa jumla, pika nyumbani, utajenga.

Mimi nina swali moja tu kwake: umewahi kupika ugali wa mtu mmoja?

Hebu tufanye hesabu pamoja, wewe na mimi. Sukuma ya 20, nyanya za 20, kitunguu cha 10, mafuta ya kupima ya 20, unga nusu kilo 40, mayai mawili 40. Jumla ni shilingi 150, na bado hujawasha gesi. Hapo nje ya geti, mama wa kibanda anakupa ugali, sukuma na mayai kwa hiyo hiyo 150 au hata chini yake, na sahani anaosha yeye. Bei za kwenu si lazima ziwe hizi, na kesho zitabadilika. Weka zako, ujumlishe, uone unafika wapi.

Kwa hivyo kijana anayekula kibandani si mjinga na si mvivu. Amepiga hesabu akaona kupika peke yake hakumsaidii. Wanaomkemea ndio hawajapiga.

Sasa jiulize mama wa kibanda anawezaje. Hana uchawi. Unga ananunua kwa beli, mafuta kwa jerikeni la lita 20, na jiko lake likiwaka linawaka kwa ajili ya watu arobaini. Wewe unawasha moto ule ule kwa ajili ya tumbo moja. Kuchemsha kikombe kimoja cha maharagwe na kuchemsha vikombe vinne, muda unakaribiana sana. Gesi haijui uko peke yako.

Hoja yangu basi ni hii. Sisi vijana wa mjini tunamalizwa na kula peke yetu. Tunaishi milango ishirini kwenye ploti moja, kila mlango na meko yake, kila mlango na kitunguu chake nusu kinachooza kwenye kona, halafu tunashangaa pesa inaenda wapi.

Nenda dukani jioni uangalie. Sukari robo, mchele robo, majani ya chai ya 5, mafuta ya 20. Huo ndio uchumi wa kadogo, na karibu sote tunauishi. Tuseme kilo ya sukari ni 160 na robo ni 45. Ukinunua robo mara nne umelipa 180. Umepoteza shilingi 20 kwa kilo moja ya kitu kimoja. Fanya hivyo kwa unga, mchele, mafuta, sabuni na chumvi, mwezi mzima, mwaka mzima. Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Kwa kadogo, kibaba kinachojaa ni cha mwenye duka.

Simlaumu mwenye duka. Yeye ndiye anayepima, anayefunga karatasi, na anayekuandika kwenye daftari ukikosa. Tena si kila kadogo ni ghali. Maziwa ya ATM unayopimiwa kwenye chupa yako mara nyingi ni nafuu kuliko ya pakiti, kwa sababu hulipii pakiti. Jifunze tu kuuliza swali moja kabla ya kutoa pesa: hii kwa kilo ni ngapi? Ukishazoea kugawanya namna hiyo, nusu ya ofa za supamaketi hazitakudanganya tena.

Lakini tusidanganyane pia. Ukilipwa 500 jioni baada ya kibarua, hutanunua beli ya unga. Ushauri wa "nunua kwa jumla" umeandikwa kwa mtu mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi na stoo. Mtu wa kibarua ana njia moja tu ya kununua kwa jumla: kununua na wenzake.

Kwenye ploti yetu tuko wanne. Mimi ninayeandika, msusi, jamaa wa bodaboda na mlinzi wa usiku. Kila Jumapili kila mmoja anatoa 600. Hiyo ni 2,400. Tunatenga 300 ya gesi, inabaki 2,100, yaani 300 kwa siku kwa chakula cha jioni cha watu wanne. Mlinzi anapakuliwa chake mapema kwenye mkebe kabla ya kwenda lindo. Mtu aliyekuwa anakula kibandani kwa 150 kila jioni alikuwa akitumia 1,050 kwa wiki. Sasa anatumia 600. Hiyo 450 inayobaki, kwa wiki nne ni 1,800. Wewe unajua 1,800 inaweza kufanya nini tarehe 27.

Chuoni, kabla karo haijanitoa, tulikuwa tukichanga hivi hivi na hakuna aliyeona ajabu. Ajabu ni kwamba tukishapata keja na mlango wa chuma, tunaona kuchanga chakula ni ushamba. Tunachanga harusi, matanga, hospitali na chama cha kununua viti. Ugali tunaona aibu.

Kama unataka kujaribu, haya ndiyo tuliyoyaona yakifanya kazi.

Kavu nunua kubwa, mbichi nunua kidogo. Unga, mchele, maharagwe, ndengu, chumvi na mafuta vinakaa, kwa hivyo hapo ndipo pesa ya pamoja iende. Sukuma, nyanya na dania vinaoza, na hatuna friji. Kabichi hukaa siku kadhaa, vitunguu vikining'inizwa penye hewa hukaa zaidi. Viazi viweke gizani, mbali na vitunguu, la sivyo vitachipua haraka.

Mmoja wenu akienda Marikiti, aende alfajiri. Wakati huo malori yanashusha na bei ni ya watu wanaonunua kwenda kuuza. Lakini hesabu na nauli. Kama matatu itakula 100 kwenda na kurudi ili uokoe 80 kwenye nyanya, umetembea bure. Safari ya Marikiti ina maana mkinunua ya watu wengi, au kama kuna mtu ambaye tayari anapita huko. Wetu ni jamaa wa boda.

Mahindi ya gorogoro ukiyapeleka kwenye kinu cha posho yanatoa unga unaoshibisha, kwa sababu pumba haijatolewa yote. Ila kagua. Ukiona punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi, au ukisikia harufu ya unyevu, acha hata kama ni bei ya kutupa. Mwaka 2004, watu 125 walikufa hapa Kenya, wengi wao Ukambani, baada ya kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini. Kupika hakuiondoi sumu hiyo. Hakuna akiba ya namna hiyo.

Maharagwe yaloweke usiku kucha, umwage maji hayo, ndipo uchemshe. Nyanya ziingie baada ya kuiva, kwa sababu ukiziweka mapema maharagwe yatakaidi na gesi itaisha yakiwa bado magumu. Na kama kweli uko peke yako, usiyachemshe kabisa. Nunua kwa kikombe kwa yule mama anayeuza maharagwe na githeri vilivyochemshwa pale njiani. Kuni zake zimewaka kwa ajili ya mtaa mzima, wewe kazi yako ni kukaanga tu.

Na mama mboga tafadhali msimhame. Anakukatia sukuma bure, na anakuongezea dania. Ukianza kukimbilia supamaketi tarehe 5 mfuko ukiwa mzito, kisha urudi kwake tarehe 25 ukiomba deni, huo si ujanja. Sisi mbichi zote zinatoka kwake, na kwa sababu tunanunua ya wanne kila siku, yeye mwenyewe alianza kutupimia vizuri bila kuombwa.

Najua utakachosema. Utasema majirani hawaaminiki, mmoja atakula na hatatoa. Ni kweli, hutokea. Ndiyo maana pesa hutolewa kabla ya kula, inatumwa kwa simu ili ibaki na rekodi, na matumizi yanaandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani juu ya jiko, kila mtu aone nyanya zilikuwa za ngapi. Muwe wanne au watano, sio kumi. Mkiwa kumi hakuna atakayejua nani hajatoa. Na anzeni na wiki moja tu, ili anayetaka kutoka atoke bila vita.

Jambo lingine ni zamu. Nimeona makundi yenye wavulana watatu na msichana mmoja, na baada ya wiki mbili msichana amekuwa mpishi wa bure wa wanaume watatu. Hilo likianza, akiba yenu imelipwa na mtu mmoja kwa jasho lake. Msusi wetu husimama tangu asubuhi hadi usiku. Hana deni la kutupikia sisi kuliko sisi tulivyo na deni la kumpikia yeye. Kila mtu ana siku zake. Asiyejua kupika ataosha sufuria hadi ajifunze, na ugali hauna digrii.

Wengine watasema hii ni kuwatoa wanasiasa kwenye moto. Kwamba shida ya chakula ni kodi na mishahara, si sufuria. Nakubaliana nao nusu. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza VAT ya asilimia 16 kwenye mkate na ushuru wa asilimia 25 kwenye mafuta ya kupikia. Vijana ndio waliosimama. Mapendekezo hayo yaliondolewa kabla ya kura, na Juni 26 Rais akakataa kutia saini mswada wote, baada ya damu kumwagika barabarani. Bei ya mkate ni siasa, na mtu asikwambie vinginevyo.

Lakini hata siku ambayo serikali itafanya kila kitu sawasawa, bado utarudi jioni ukiwa na njaa na una 150. Kudai haki na kupika pamoja havigombani. Tena, watu wanaojua bei ya unga iliyoandikwa ukutani kwa tarehe, wiki baada ya wiki, ni vigumu sana kuwadanganya kwamba maisha yamekuwa nafuu.

Kuna faida moja ambayo haiingii kwenye hesabu, na kwangu ndiyo kubwa. Miezi kadhaa iliyopita pikipiki ya jamaa wetu wa boda ilikaa gereji wiki mbili. Kwa mtu wa boda, pikipiki ikisimama na chakula kinasimama. Angekuwa peke yake, angefunga mlango, anywe strungi, alale, na sisi tungepita hapo koridoni asubuhi tukimwambia "sema boss" bila kujua lolote. Tulijua kwa sababu 600 yake haikufika Jumapili. Tukapunguza mayai, tukaongeza ndengu, sahani yake ikabaki pale pale. Pikipiki ilipotoka alilipa kidogo kidogo, na zamu zake za kupika hakukosa hata moja.

Ni wangapi kwenye ploti yako wanalala njaa nyuma ya mlango wa chuma na wewe hujui? Jiji hili limetufundisha kuficha njaa kama siri ya ugonjwa. Mtu ataweka kredo, atapiga pasi shati, atapiga picha nzuri, na hajala tangu jana. Ukila na watu, huwezi kuficha. Na wao hawawezi kukuficha.

Sikuambii uhamishe jiko lako. Sikuambii uwapende majirani wote, kwani kuna yule wa muziki wa saa nane za usiku. Nakuambia utafute wawili tu unaowaamini, mkae Jumapili jioni, kila mmoja ataje anatumia ngapi kwa wiki kwa chakula. Mtaje ukweli, pamoja na ile ya smoki. Mkishajumlisha, hamtahitaji mimi wala yule wa friji ya milango miwili kuwaambia la kufanya.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Na sufuria ya mtu mmoja, kwa bei hizi, haitushibishi.