Mpe mtoto nafasi ya kungoja
Leo nasema na wazazi wa watoto wadogo.

Boti ikitoka tu Mokowe kuja Amu, mtoto analia, mama anampa simu. Ananyamaza. Mkifika jeti unaichukua, na kilio chake kinasikika mji mzima!

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, walipima watoto 60 wa miaka 4. Waliotazama katuni ya kasi kwa dakika 9 walishindwa kujizuia na kufuata maagizo kuliko wenzao waliokaa wakichora. Dakika 9 tu, mpendwa! Sisemi ubongo umeharibika. Walipimwa papo hapo. Lakini sehemu ya ubongo inayomsaidia mtu kujizuia bado inajengwa kwa mtoto, na wengine wanashika simu kutwa. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019: chini ya miaka 2 asitazame kabisa, miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku.

Wagalatia 5 inataja kiasi kuwa tunda la Roho. Tunda halikomai kwa siku moja. Basi botini mwache aangalie mikoko, ahesabu mashua, akuchoshe na maswali.

Na Jumapili mje naye ibadani bila simu. Akipiga kelele, tutamvumilia.