Uvungu wa gari nao ni amana



Amana haiishii katika fedha za msikiti na mali ya yatima. Gari linalopeleka watoto madrasa, au lile la wakfu linalobeba jeneza hadi makaburini, nalo ni amana, pamoja na sehemu yake isiyoonekana: uvungu. Sisi wa mwambao tuna sababu ya ziada ya kulizingatia hili. Hewa yetu ina chumvi, nayo chumvi hushika unyevu juu ya chuma na kuharakisha kutu. Aidha, magari mengi tunayonunua yametumika kwanza Japani, na yale ya sehemu zake zenye theluji yamepita katika barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa baridi.

Kinga zinazojulikana zaidi ni tatu. Ya lami ni ya bei nafuu na hukauka ikawa ngumu, lakini ikizeeka hupasuka na maji yakapenya chini yake. Ya mpira hustahimili vijiwe vinavyorushwa na magurudumu, hivyo hufaa ndani ya madigadi. Ya nta hubaki laini na kupenya katika maungio ya chesisi, ila huoshwa na maji taratibu, kwa hiyo yafaa ikaguliwe na kurudiwa kila mwaka. Oili chafu ambayo wengine huinyunyiza si badala yake: huharibu mipira ya gari na kuchafua ardhi inapodondoka.

Kabla ya kupaka, gari lipandishwe juu ya stendi imara, si jeki peke yake. Uvungu uoshwe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, ukauke kabisa, kisha kutu ikwanguliwe kwa brashi ya waya mpaka chuma safi kionekane. Hapo ipakwe rangi ya awali ya kuzuia kutu, na ikikauka ndipo kinga ifuate, kwa tabaka mbili nyembamba badala ya moja nene. Ekzosi, breki na shafti zifunikwe zisipate rangi, na matundu ya kutolea maji yasizibwe.

Hatua ya kukwangua ndiyo inayorukwa, na hapo ndipo penye neno letu. Lami iliyopakwa juu ya kutu hufungia unyevu ndani. Nje pang'aavyo, ndani chuma kinaliwa. Mwenye kufanya hivyo kwa kutojua anajidhuru. Mwenye kufanya hivyo ili auze, anamdhulumu mwenziwe, na pengine anahatarisha roho za familia nzima siku chesisi itakapokatika. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta unyevu chini ya kikavu; akamhoji muuzaji kwa nini hakukiweka juu watu wakione, na akaonya vikali juu ya udanganyifu. Kutu chini ya lami haina tofauti na chakula kile.

Basi muuzaji aseme kilichomo. Mnunuzi naye asitosheke na weusi wa uvungu, bali atafute fundi wake mwenyewe, agonge chesisi kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wakweli katika tunavyovionyesha na tunavyovifunika. Amin.