Dakika moja haitoshi sayari zote

Yapo maoni yaliyochapishwa mara nyingi kwamba anayepiga picha za sayari asirekodi video inayozidi sekunde 60, iwe ni Mshtarii, Mirihi au Zohali. Kwa anayesimika darubini Mwanza, kanuni hiyo inapoteza fremu nzuri bure.

Hofu iliyo nyuma ya kanuni hiyo ina msingi. Mshtarii hujizungusha kwa saa 9 na dakika 56, na video ikirefuka mno, madoa yake hufifia. Lakini hesabu ifanywe.

Mshtarii akiwa na upana wa sekunde 48 za pembe, alama iliyo katikati ya uso wake husogea takriban robo sekunde ya pembe kwa dakika. Darubini ya milimita 200 hutenganisha vitu vilivyoachana kwa takriban sekunde 0.6 za pembe. Dakika mbili, basi, ni salama. Darubini ya milimita 100 inaruhusu hata nne.

Mirihi huchukua zaidi ya saa 24 na nusu kujizungusha, tena ni mdogo. Dakika kumi hazimdhuru.

Mwanza iko digrii 2.5 tu kusini mwa ikweta, hivyo Mshtarii katika kilele chake hupanda zaidi ya digrii 60, juu ya hewa nzito ya upeoni. Mawingu ya Ziwa Viktoria huweza kuifunga nafasi hiyo ghafla. Inapopatikana, irekodiwe kikamilifu: kwa Mshtarii, video kadhaa za dakika mbili, kisha programu ya WinJUPOS isahihishe mzunguko kabla ya kuziunganisha.