Mtoto humjua Mungu kwanza nyumbani

KATIKA nyumba nyingi za Wakristo, mtoto huanza kusali kabla hajajua kusoma. Anaona wakubwa wakifumba macho kabla ugali haujaguswa, naye anafumba. Anaona mama akifanya ishara ya msalaba, naye anapapasa paji la uso, kifua na mabega, mara nyingi akikosea bega la kuanzia. Jumapili anavishwa nguo safi, anapewa sarafu ya sadaka na kuonyeshwa kikapu cha kuitumbukiza.

Kisha huanza kuuliza. Kwa nini tunasema Baba, Mwana na Roho Mtakatifu? Mwenzake shuleni kamwambia kuwa Wakristo wana miungu watatu, je, ni kweli? Kwa nini bibi aliombewa na bado akafa? Maswali haya huwakuta wazazi wengi hawajajiandaa, na jibu la haraka huwa ni kwamba mambo ya Mungu hayaulizwi. Mtoto hunyamaza, lakini swali hubaki naye, na akishakuwa kijana hupata mtu mwingine wa kumjibu, mwema au mbaya.

Mzazi hana sababu ya kuyaogopa maswali hayo. Kila tendo la ibada limebeba imani ndani yake kuhusu Mungu ni nani. Nyumba ikishika tendo na kuisahau imani iliyolizaa, hubaki desturi tu, na Mungu hugeuzwa kuwa kitu kingine: mara askari wa kutishia watoto, mara mfanyabiashara wa kupatana naye bei. Hapo wanaoumia ni watu wa nyumba hiyo hiyo.

Mungu mmoja, nafsi tatu

Tuanze na swali la shuleni. Wakatoliki, Waorthodoksi, Walutheri, Waanglikana na sehemu kubwa ya Wapentekoste hukiri Mungu mmoja tu katika nafsi tatu. Imani hii haikutungwa na wasomi waliokosa kazi. Mwanzoni mwa karne ya nne, padri mmoja wa Alexandria nchini Misri, aliyeitwa Arius, alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe, mkuu kuliko viumbe vyote lakini kiumbe tu. Mwaka 325 maaskofu walikutana Nicaea, mji ambao leo unaitwa Iznik nchini Uturuki, wakalikataa fundisho hilo.

Sababu mojawapo ilitoka kwenye sala zenyewe. Wakristo walikuwa tayari wanamwomba Kristo, na wanabatiza kwa jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Kama Mwana ni kiumbe, basi walikuwa wakiabudu kiumbe. Athanasius, askofu wa Alexandria, aliishikilia hoja hiyo hata akafukuzwa mjini kwake mara tano. Mtaguso wa Constantinople wa mwaka 381 ukaongeza maneno kuhusu Roho Mtakatifu, na Kanuni ya Imani iliyotokana na kazi hiyo ndiyo inayokiriwa hadi leo katika makanisa mengi.

Mzazi anapomjibu mtoto, aangalie mifano anayotumia. Wengi hukimbilia maji, kwamba yanaweza kuwa barafu, maji au mvuke. Mfano huo unapendeza, lakini unafundisha Mungu mmoja anayebadilisha sura, leo Baba na kesho Mwana. Fundisho la namna hiyo lilikwisha kukataliwa katika karne ya tatu, na aliyehusishwa nalo zaidi ni Sabellius. Ni afadhali kumwambia mtoto kwa maneno machache: Mungu ni mmoja, Baba alimtuma Mwana kwa ajili yetu, na Roho Mtakatifu yuko nasi sasa, nao wamependana tangu milele, kabla dunia haijaumbwa. Akisema haelewi yote, aambiwe kwamba hata mzazi haelewi yote. Wala asifundishwe kumdharau mwenzake aliyemuuliza, maana na huyo anakiri Mungu mmoja na anataka kuelewa.

Imani hii ina kazi nyumbani. Kama Mungu mwenyewe ni upendo kati ya nafsi, basi Mkristo hawezi kumtumikia huku akiwakimbia watu. Ndiyo maana ibada ya Kikristo ni ya kukusanyika. Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliipa kipaumbele kazi ya kujenga jumuiya ndogondogo za Kikristo, na leo majirani husali nyumba kwa nyumba, wakijua nani anaumwa na nani hana chakula. Walutheri nao wana jumuiya zao mitaani. Lakini jumuiya ya kwanza ni ya mume na mke. Wanandoa wasiosemezana wiki ya pili, huku wakifungua sala ya jioni kwa jina la Utatu Mtakatifu, wanawaambia watoto jambo moja kwa mdomo na lingine kwa maisha.

Baba asiyenunuliwa

Sala ya Baba Yetu wameifundisha wote, na watoto huikariri upesi. Lakini kwa mtoto, neno baba lina sura tayari. Ikiwa baba wa nyumbani akiingia wote hukimbilia chumbani, mtoto atadhani na wa mbinguni ni wa kukimbiwa. Baba wa Kikristo ana wajibu hapa. Mungu hakupimwa kwa kumtazama yeye. Yeye ndiye anayepimwa kwa kumtazama Mungu, ambaye kwa imani hii husamehe kabla ya kulipwa. Baba aliyekosea akamwomba radhi mwanawe mdogo amemfundisha Baba Yetu vizuri kuliko aliyemchapa kwa kuisahau.

Kutokana na imani hiyo hiyo, sadaka ni shukrani. Si ada ya kupata muujiza, wala rushwa ya kumlainisha Mungu. Hata hivyo zipo nyumba ambako karo ya mtoto imetiwa kwenye bahasha ya maombezi kwa ahadi kwamba itarudi maradufu, na muhula ukafunguliwa mtoto akiwa nyumbani. Wapo pia walioambiwa waache dawa ili kuonyesha imani, awe mgonjwa wa kisukari, wa kifafa au anayetumia dawa za kufubaza makali ya virusi vya Ukimwi. Ushauri huo unaweza kuua.

Wala hautokani na imani ya kale ya Kanisa. Basil, askofu wa Caesarea katika nchi ambayo leo ni Uturuki, aliandika kitabu kizima kuhusu Roho Mtakatifu na aliheshimu sana nguvu ya sala. Mtu huyo huyo, yapata mwaka 370, alijenga nje ya mji wake makao ya kuwatunza maskini, wasafiri na wagonjwa, wakiwamo wenye ukoma, na akaweka waganga wa kuwatibu. Kwake, Mungu anayeombwa ndiye aliyeumba mimea ya dawa na akili ya mganga. Familia inayomwombea mgonjwa na kumpeleka hospitali haijagawanyika moyo.

Mungu aliyevaa mwili

Imani nyingine iliyo moyoni mwa Ukristo ni kwamba Mwana wa Mungu alizaliwa na mwanamke, akaona njaa, akachoka, akalia, akafa. Kwa hiyo Wakristo hawaoni aibu kumwabudu Mungu kwa vitu vya kushikika: maji ya ubatizo, mkate na divai, na katika baadhi ya makanisa mafuta ya wagonjwa. Siku ya Alhamisi Kuu, makanisa mengi hukumbuka jinsi Yesu alivyowaosha wanafunzi wake miguu, kazi iliyokuwa ya watumishi.

Kipimo cha imani hii nyumbani kinaweza kuwa dada wa kazi. Ndiye anayeamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Familia inapoketi kusali, je, naye huitwa, au hubaki jikoni akisugua masufuria? Mshahara wake hulipwa mwisho wa mwezi, au huahirishwa kwa sababu kuna mchango wa ujenzi wa kanisa? Akiumwa, hupelekwa zahanati kama mtoto wa nyumba hiyo? Watoto huyaona hayo yote. Wakiona anayewapikia hana nafasi kwenye mkeka wa sala, watakua wakijua kwamba mbele ya Mungu wapo watu na wapo nusu watu, hata kama mahubiri yalisema vingine.

Mbele ya kaburi

Linabaki swali la bibi. Hapa wazazi hushikwa na hofu zaidi, wengine wakasema hakuombewa kwa imani ya kutosha. Jibu hilo ni mzigo mzito mno kwa mtoto. Linamwachia lawama ya kifo.

Wakristo hawaamini kwamba aliyeombewa hafi. Wanaamini kwamba Yesu alikufa kweli, akafufuka, na kwamba wafu watafufuliwa. Wengi wao hukusanyika Jumapili kwa sababu ndiyo siku ya ufufuko, ingawa Wasabato hukusanyika Jumamosi. Mkutano ule ule wa Nicaea ulitoa hata agizo kwamba siku ya Jumapili, na katika siku zote kati ya Pasaka na Pentekoste, Wakristo wasali wakiwa wamesimama badala ya kupiga magoti. Miguu yao ilikiri kwamba kifo kimeshindwa.

Imani hiyo inapaswa kuonekana msibani. Ukoo unaoimba nyimbo za ufufuo usiku kucha, kisha asubuhi ukaanza kumsaka mchawi au kumnyang'anya mjane shamba na vyombo, umeimba bure. Anayeamini kwamba marehemu yuko mikononi mwa Mungu hana haja ya kumtafuta jirani wa kumlaumu, na anajua kuwa ipo siku atamjibu Mungu kuhusu mjane na yatima.

Pa kuanzia

Nyumba isiyozoea mazungumzo haya inaweza kuanza na jioni moja kwa wiki, dakika kumi na tano baada ya chakula, televisheni ikiwa imezimwa. Lichukuliwe tendo moja tu: ishara ya msalaba, ubatizo, sadaka au sala ya chakula. Watoto waulize kwanza, ndipo wakubwa wajibu. Penye shaka, mzazi aseme wazi kwamba atamuuliza padri, mchungaji au katekista, kisha akamuulize kweli na kurudi na jibu. Dada wa kazi aitwe. Na kabla ya Baba Yetu, waliogombana mchana wapewe nafasi ya kupatana.

Mtoto aliyeuliza kuhusu bibi anaweza kuambiwa hivi: tulimwombea kwa sababu tunampenda, na Mungu anampenda kuliko sisi, hakupona, nasi tulilia, hata Yesu alilia rafiki yake alipokufa, lakini tunaamini Mungu hajamwachilia. Kisha mtoto aachwe aulize swali linalofuata, maana lipo.