Ulinzi wa Mitandao Ufike Sokoni kwa Kiswahili

Asubuhi moja ya Julai, mwezi ambao baridi ya Kiambu hupenya hadi mifupani, nilikuwa ndani ya matatu iliyotoka Ruiru kwenda Thika. Kando yangu aliketi mama mmoja aliyekuwa akielekea soko la Madaraka kununua mboga za kuuza. Simu yake ikalia. Kwa kuwa aliisikiliza kwa kipaza sauti, abiria wa karibu tulisikia kila neno. Aliyepiga alimwamkua kwa adabu, akamwomba radhi kwa kumsumbua mapema, kisha akamweleza kwamba laini yake ilikuwa karibu kufungwa. Alikuwa ametumiwa tarakimu sita kwa ujumbe mfupi. Amsomee ili apate kumsaidia. Mama akaanza. "Nne, saba..."

Kijana mmoja mwanachuo, aliyeketi nyuma yetu, alishindwa kuvumilia. "Mum, usimpe! Hiyo ni OTP! Hiyo ni phishing!" Mama alimgeukia kama mtu aliyeletewa habari za samaki asizoziuliza, kisha akasoma tarakimu ya tatu. Aliyemwokoa ni utingo. "Mama," alisema, "hizo nambari ni ufunguo wa pesa zako. Ukimaliza kumsomea, amekwisha kuingia ndani." Mama akaikata simu papo hapo.

Yule kijana alikuwa na ujuzi, na alichosema kilikuwa kweli tupu. Hata hivyo, ujuzi wake haukumfaa mama aliyekuwa hatua moja tu mbele yake. Jambo hilo limenikaa moyoni, maana ni sisi wahadhiri tuliomfunza hivyo.

Katika kipande hicho cha barabara, ambacho hakizidi sana kilomita 20, vyuo vimepangana kama vituo vya matatu. Kuna Zetech pale Ruiru, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta pale Juja, na Thika kwenyewe kuna Chuo Kikuu cha Mount Kenya na chuo cha ufundi cha Thika Technical. Likizo ndefu ifikapo, wanafunzi wengi hukosa la kufanya. Wengine hurudi mashambani, wengine hubaki katika vyumba vya kupanga wakizungumza na simu zao. Ng'ambo, likizo ya namna hiyo imegeuzwa kuwa msimu wa mafunzo. Nchini Marekani kambi za GenCyber zilianza mwaka wa 2014 kuwafunza wanafunzi wa shule, pamoja na walimu wao, misingi ya usalama wa mitandao. Hapa kwetu, mpango wa Cyber Shujaa, ulioanzishwa na Chuo Kikuu cha USIU-Africa, kampuni ya Serianu na Chama cha Mabenki ya Kenya, umeonyesha kwamba vijana wetu wanaweza kufunzwa kazi hii kwa vitendo. Ningependa kuona mafunzo kama hayo yakifanyika kila likizo ndefu kati ya Ruiru na Thika, vyuo hivyo vikishirikiana badala ya kila kimoja kujifungia ndani ya ua wake.

Nasema kwa vitendo kwa sababu nzito. Sheria ya mwaka wa 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mitandaoni inampa anayeingia katika mfumo bila idhini faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Mwanafunzi mdadisi anayejaribu mbinu alizosoma kitabuni dhidi ya mfumo wa watu anacheza na jela. Anahitaji mahali halali pa kujaribia: chumba chenye kompyuta zilizounganishwa zenyewe kwa zenyewe, kundi moja likijenga benki ya mfano, la pili likijaribu kuivunja, la tatu likisoma kumbukumbu za mitambo ili kumnasa mvamizi. Kesho yake wabadilishane zamu. Fauka ya hayo, ujuzi wa kulinda na ujuzi wa kuiba ni ujuzi ule ule. Kijana aliye nao na asiye na kazi hatakosa wa kumrubuni, na ni heri tukutane naye mapema maabarani kabla hajakutana na hao.

Lakini maabara peke yake haitoshi. Turejee kwa yule mlaghai wa simuni. Hakuvunja mtambo wowote. Silaha yake ilikuwa lugha: salamu, msamaha, neno "mama", cheo cha kuazima, na haraka iliyomnyima msikilizaji nafasi ya kufikiri. Angekuwa mwanafunzi wangu wa pragmatiki, ningelazimika kumpa alama za juu. Amefanya utafiti juu ya Kiswahili cha wanyonge, ilhali sisi tunawafunza walinzi wao kwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho.

Najua nitajibiwa kwamba Kiswahili hakina istilahi. Hoja hii imechakaa. Kampuni ya simu ilipotaka kutuuzia huduma zake haikukosa maneno. M-Pesa iliingia nchini mwaka wa 2007 ikibeba neno ambalo kila mtoto analijua. Baadaye zikaja M-Shwari na Fuliza. Hata huduma ya kuonyesha jina la unayemtumia pesa iliitwa Hakikisha, kitenzi kimoja kinachobeba somo zima la usalama. Mwenye biashara aliyaona haya kabla ya mwalimu.

Nakiri kwamba sisi wanaisimu tumechangia tatizo hili. Tulibishana kama kompyuta iitwe tarakilishi au ngamizi, na wananchi wakaendelea kuiita kompyuta. Tukaleta nywila, neno ambalo sijamsikia mchuuzi yeyote wa Makongeni akilitamka. Neno la siri linaeleweka bila mkalimani. Linganisha pia PIN na nambari ya siri. Herufi tatu za kwanza hazimwonyi mtu lolote, bali maneno ya pili yana onyo ndani yake: ikishatajwa kwa mwingine, si ya siri tena. Hata mashambulizi makubwa yanaelezeka. Eti huduma za serikali katika eCitizen zilikwama vipi Julai 2023? Ni kama umati wa watu wasionunua kitu kujazana dukani makusudi, hadi mwenye haja asipate pa kupitia mlangoni. Hapo sikuhitaji kamusi.

Kwa hivyo, katika mafunzo ninayoyataka, alasiri moja ya kila juma wanafunzi watoke maabarani. Waende sokoni, kwenye vyama vya akiba na mikopo, na kanisani baada ya ibada. Waeleze kwa Kiswahili, na kwa Gikuyu pale inapobidi, ulaghai mmoja walioujaribu juma hilo na namna ya kujikinga. Maelezo hayo yasahihishwe na kupewa alama kama mtihani mwingine wowote, na atakayeshindwa kueleweka na mchuuzi arudie. Katika kila kundi wawemo pia wanafunzi wawili wa lugha, hasa wanaosomea ualimu, maana ndio watakaoipeleka elimu hiyo madarasani. Siku ya Kiswahili Duniani huadhimishwa tarehe 7 Julai, katikati ya likizo. Badala ya kuimaliza kwa hotuba, tungeweza kuianzia kazi hiyo.

Tulipokaribia Juja, yule kijana aliniuliza OTP ningeiitaje kwa Kiswahili. Nilimpa maneno matatu, la mwisho likiwa refu kuliko ujumbe wenyewe. Utingo alisikiliza, akatikisa kichwa, akagonga bati la gari ili dereva asimame. "Mwalimu," akaniambia, "mimi huwaambia ni ufunguo wa mara moja." Kijana akaliandika katika simu yake, akashuka.